Chemba Tupu Njiani

Siku hizi nasahau nilipoweka miwani, nasahau hata kama nimeshakunywa chai, lakini kuna asubuhi moja naikumbuka yote mpaka leo. Nitakueleza, mwanangu, kwa sababu nimesikia umepata kazi ya kulinda mashamba na wanyama, na kwamba wiki ijayo utakabidhiwa bunduki. Baba yako ameshakupongeza. Mimi nyanya yako nitakupongeza nikimaliza kusema.

Nilikuwa msichana wa Kanyangi, nimeolewa huku Kibwezi na sijamaliza hata kuwajua majirani. Babu yako Mutua alikuwa askari wa wanyama. Alikuwa kijana mrefu mwenye maringo, na mimi nilimshinda kwa maringo kwa sababu alikuwa wangu. Uwindaji ulikuwa umeshapigwa marufuku, lakini nyati au ndovu akiingia mashambani na kuumiza watu, Mutua ndiye aliyeitwa. Alikuwa na bunduki ya kuwindia, ile ya komeo. Unavuta komeo la chuma nyuma, unalisukuma mbele, risasi moja inaingia kwenye chemba, kile kitundu cha nyuma ya mtutu, na sasa iko tayari kulia. Akiwa nyumbani aliifungia ndani ya sanduku, na ufunguo aliuvaa shingoni. Nyumbani hakuwa na kasoro. Kasoro yake ilikuwa njiani.

Nyati mmoja alikuwa amempiga jirani yetu pembe ya paja na kutorokea vichakani. Kesho yake nilienda mtoni kuteka maji, baba yako mgongoni, bado ananyonya. Kwenye mchanga nikaona nyayo mbichi, kubwa, zinavuka mto. Nikaacha mtungi palepale nikarudi mbio kusema. Ikaamuliwa niwaonyeshe mahali penyewe kisha nirudi nyumbani. Mtoto nilikuwa nimeshambeba na hakuna aliyefikiria nimwache. Basi tukatoka: mimi mbele kwa sababu ndimi niliyejua njia, Mutua nyuma yangu na bunduki yake, na baba mkwe wangu, Mzee Kioko, akifuata na upinde wake.

Baba yako aliitwa Kioko kwa jina la mzee huyo, kama kawaida yetu Wakamba kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Mzee alimpenda kupita kiasi, lakini alimpenda kwa mbali akiwa kwangu, maana mkwe wa kike na baba mkwe hawakaribiani. Hata chai yake nilikuwa naiweka juu ya kigoda, sikumpa mkononi. Alikuwa mwindaji wa mishale tangu ujana wake, na upinde aliubeba mbele ya mtoto wake askari bila wasiwasi wowote. Mutua alijifanya haoni.

Tulipofika langoni mzee akauliza kama bunduki ina risasi ndani. Mutua akasema ndiyo, iko kwenye chemba, lakini ameweka kile kidude cha kuzuia, haiwezi kulia. Mzee akaketi kwenye jiwe. Akatoa mshale mmoja kwenye podo akauinua tuuone. Ile sehemu yenye sumu ilikuwa imezungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi, kama ilivyokuwa mishale yake yote.

"Hii sumu nimebeba tangu nikiwa kijana," akasema, "na hakuna siku nimetembea nyuma ya mtu ikiwa wazi. Ngozi natoa nikiona mnyama. Wewe uko nyuma ya bibi yako, mshale uko wazi, halafu unaniambia umeuzuia na kakitu kadogo hivi."

Mutua alijitetea sana. Alisema bunduki si mshale, na nyati hamngoji mtu avute komeo. Nami nilikuwa upande wake, siwezi kukudanganya. Niliona nyati anatutoroka huku mzee amekaa kwenye jiwe, na moyoni nikasema anaionea wivu bunduki. Mzee hakubishana. Alisema tu kwamba nyati yuko ng'ambo ya mto, kwamba mimi na mtoto tukisharudi na alama zikiwa mbichi Mutua atatia risasi yake, na kwamba risasi isipotoka kwanza, yeye hatainuka na Kioko mdogo hatatangulia.

Mutua akavuta komeo kwa hasira, risasi ikaruka chini. Akaiokota akaitia mfukoni. Akaingiza kidole kwenye chemba kuhakikisha ni tupu, akazikandamiza chini zile risasi zilizobaki tumboni mwa bunduki zisipande, akarudisha komeo juu yazo. Kile kidude cha kuzuia, alichokiondoa ili komeo livutike, hakukirudisha. Alikuwa amenuna, na alisema bunduki tupu haina haja ya kuzuiwa. Tukaenda hivyo hadi mtoni, yeye akinung'unika na mimi nikimwonea huruma.

Unapajua pale ukingo wa mto unapokatika, mizizi inaning'inia hewani na mchanga uko chini. Nilitangulia kushuka nikishika mizizi. Mutua angengoja nifike chini, au angempa baba yake bunduki kwanza ndipo ashuke. Hakufanya hata moja. Alinifuata papo hapo, mdomo wa bunduki ukiangalia mbele, yaani ukiniangalia mimi. Ukingo ukabomoka chini ya kiatu chake. Akateleza, na mzizi mmoja ukapenya penye triga. Nikasikia chuma kinanigusa mgongoni, juu ya leso, mahali mtoto alipo. Halafu nikasikia tak.

Sauti yenyewe ni ndogo, mwanangu. Ni chuma kugonga mahali ambapo risasi ingekuwa.

Sikuweza kugeuka. Mtoto mgongoni hakulia wala kusogea, nami sikujua kwa nini halii. Nikamsikia mzee anateremka kwa makalio, mishale ikigongana. Mzee yule ambaye hakuwahi kupokea kikombe mkononi mwangu akaweka kiganja chake mgongoni kwangu, akakiingiza ndani ya leso, akampapasa mtoto kichwa, shingo na mbavu.

"Kioko ako?" akauliza, akiliita jina lake mwenyewe.

Mtoto akaamka, akalia kwa hasira ya kusumbuliwa usingizini.

"Ako, Baba," nikasema.

Mzee akaketi kwenye mchanga akacheka mpaka akafuta macho kwa shati. Nami nikacheka, nikamshukuru Mungu kwa sauti na kwa Kikamba, nikamshukuru na mzee kwa ukaidi wake. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile. Mutua peke yake hakucheka. Alivuta komeo, akachungulia chemba, akatia kidole, akachungulia tena. Kisha akatoa ile risasi mfukoni, akaiangalia kwa muda mrefu.

Nyati walimpata mchana, na risasi iliingia kwenye chemba Mutua alipomwona. Hayo yalikwenda salama. Tangu siku ile mpaka alipostaafu, babu yako hakutembea tena na risasi kwenye chemba nyuma ya mtu, na vijana aliowafundisha kazi waliogopa kumkaribia kama hawajafungua komeo aone.

Sasa sikiliza vizuri. Ukitembea, chemba iwe tupu mpaka umwone mnyama na uwe na hakika ni mnyama. Kidude cha kuzuia kiweke, lakini usikiamini hata siku moja, maana ni chuma na chuma huchoka. Kidole kikae mbali na triga. Mdomo wa bunduki usimwangalie mtu, uwe unatembea, umechoka au unapiga gumzo. Wewe ukiwa nyuma ya mwenzako, uelekee kando. Ukifika kwenye ua, korongo au gogo, simama. Fungua komeo, toa risasi, mpe mwenzako bunduki au iweke chini upande ule, halafu ndio uvuke. Watakucheka kwamba unachelewesha safari. Wacheke tu. Na mzee yeyote akiketi kwenye jiwe kwa sababu ya bunduki yako, usimnunie.

Baba yako hakumbuki chochote cha siku ile. Alikuwa amelala, akaamshwa, akanyonya, akalala tena. Nataka na wewe watu wako warudi nyumbani hivyohivyo, wasiwe na la kusimulia.

Haya, sogea hapa nikutemee mate ya baraka kifuani kama wazee wetu walivyofanya, na mchungaji wa kanisani akiuliza mwambie nyanya alikuwa anakohoa. Hongera, mwanangu. Mungu atangulie mbele yako na akae nyuma yako, na kila utakayetoka naye asubuhi, jioni mama yake amwone anaingia langoni.