Gomlesi wa Mama Jokébed

Kwaya yetu ya Butembo inaongozwa na Mama Jokébed, muuza unga wa mihogo, mwanamke mfupi mwenye masikio makali kuliko wazee wote wa kanisa. Ukikosea sauti hakuachi umalize mstari. Anashusha mikono, anakutazama kana kwamba umemwaga unga wake, kisha anasema, "Gomlesi." Mimi niko upande wa besi, na jina hilo nimelipata mara nyingi kuliko chakula cha sikukuu.

Neno alilitoa Oicha, alikokulia. Usichana wake aliupitisha katika jiko la muuguzi mmoja Mwingereza, bibi wa kaskazini mwa nchi yao. Jokébed akiunguza maharage aliitwa gomlesi, kisha wakanywa chai pamoja mezani. Bibi alirudi kwao, neno likabaki, na Jokébed alipohamia Butembo alikuja nalo pamoja na masufuria.

Taabu ilianza mwalimu Hippolyte alipotumwa huku kutoka Kasai kufundisha Kiingereza. Bwana huyu hawezi kuona neno likipita asilisalimie. Alilisikia siku ya mazoezi, akashtuka, akatueleza sote: mzizi wake ni neno la kale la uangalifu, ambalo mabaharia wa Skandinavia walilipeleka Uingereza zaidi ya miaka elfu iliyopita. Watu wa kaskazini wakalitunza, baadaye wakalitia mkia wenye maana ya kukosa, likawa tusi: mtu asiye makini, bwege.

Habari ikafika baraza la wazee kabla Hippolyte hajamaliza kueleza. Kwetu anayetukana ndani ya kanisa anazuiwa Meza ya Bwana na anaketishwa benchi la nyuma, na Jumapili ya mavuno ilikuwa imekaribia, kwaya ya Mangina imealikwa. Mama Jokébed aliogopa, tulimwona. Kwake benchi la nyuma ni sawa na kufungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Kwa desturi, wazee hawamwadhibu mtu mpaka aliyeumizwa asimame mwenyewe. Kikaoni, Mama Jokébed akiwa ameketishwa mbele yetu, mchungaji akauliza nani ameumia. Sisi tulitazama viatu vyetu. Ndipo akasimama Maliro, dada mpole wa sauti ya pili, ambaye hajawahi kukosea hata noti moja. Mama Jokébed alifumba macho.

"Bote anabaita gomlesi," Maliro alisema. "Mimi hapana, tangu niliingia. Njo maana najiulizaka kama anajua niko pale."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Mama Jokébed aliondoka kwenye kiti cha mshtakiwa, akamfuata, akamshika mikono yote miwili.

"Unisamehe, mutoto yangu. Bale benye kukosea njo naangaliaka. Wewe nakutegemeaka, kumbe nilikusahau."

Mchungaji alikohoa, akatafuta adhabu inayofaa kosa la namna hiyo, hakuipata, akafunga kikao kwa maombi.

Jumapili ya mavuno, wageni wa Mangina wakiwa wamejaa mbele, Mama Jokébed aliinua mikono. Kabla ya wimbo alimgeukia Maliro, akamwita gomlesi kwa sauti ya chini. Maliro alifuta machozi kwa pindo la vazi la kwaya, akatabasamu. Sisi wengine tulingoja zamu yetu.