Kigari cha Mwisho Hupanda Kitupu

Uvumilivu wangu uliniishia pale msimamizi wa vigari vya waya aliponiambia mbele ya watu, huku anachokonoa meno, "Dada, uliota. Ukungu wa mlimani unachanganya watu." Nilimvua kofia nikaitupa kwenye matope. Niliota? Sikulala, pombe sinywi, na akili zangu ninazo. Haya yamenipata mimi na mwanangu Oliva wa miaka miwili, na asiyeamini aje alale kwangu usiku mmoja tu.

Mimi ni mtu wa ziwani, kijiji cha Kihagara, nimeolewa Mbinga. Mlima ule unaotazama mji nilikuwa nauona kila siku nikianika kahawa ya mama mkwe. Tangu waweke vile vigari vinavyoning'inia kwenye waya, jirani zangu wote walishapanda, wanaringa na picha. Jumapili moja baada ya misa nikasema leo na sisi. Foleni ikawa ndefu kweli. Tulipofika mbele, jua limeinama na ukungu umeanza kushuka.

Kijana wa mlangoni alisita. "Bosi, hiki ndicho cha mwisho."

"Kwani hao hawana tiketi? Waingize!" msimamizi akafoka.

Tukaingizwa, komeo likasukumwa kwa nje. Nilipogeuka nikae, kwenye benchi la mbele yangu ameketi bibi. Niamini, sikumwona akiingia. Kajifunga kitenge kilichopauka, jembe liko miguuni, magoti yana udongo mbichi. Jumapili, jioni ile, nani anakwenda kulima? Ningejiuliza palepale. Lakini mdomo ulishatangulia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mama. Lete mjukuu wangu nimpakate, wewe umechoka."

Sasa niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje? Kwetu huku, iwe kanisani au msibani, bibi akinyoosha mikono unampa mtoto. Ukimnyima, wanasema unaringa, au wewe ndiye mchawi. Nikampa. Viganja vyake viligusa vyangu, vya baridi kama udongo wa chini ya mgomba. Oliva, ambaye hulia hata kwa shangazi yake, akatulia tuli.

Kigari kikapanda. Mji wote ukawa chini yetu, mabati yanameta, mashamba ya ngoro yamejaa mteremkoni na mashimo yake kama sega la nyuki. Nikasahau kila kitu, nikawa natafuta paa letu. Halafu ukungu ukatumeza. Kigari kikasimama hewani kinayumba, sioni hata magoti yangu.

Bibi akasema polepole, "Wanaume wameshapanga majani. Wanawake kazi yetu kufukia."

Kila aliyeolewa huku Umatengo anajua maneno hayo. Ndivyo ngoro inavyolimwa: mume anafyeka na kupanga majani kwa mistari, mke anachimba katikati na kuyafukia. Ila mle hewani tulikuwa tunafukia nini?

"Bibi, naomba mwanangu."

Nikanyoosha mikono nimpokee, ikashika ukungu.

Nikapapasa benchi. Mbao tupu, zimelowa. Nikapapasa sakafu, pembe zote, mlango. Hakuna bibi, hakuna jembe, hakuna Oliva. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na ukungu ukazimeza zote.

Kigari kilipofika juu, komeo lilikuwa bado limefungwa kwa nje. Mzee aliyelifungua akanishangaa. "Mama, mbona unalia peke yako?"

Tuliteremka na yule mzee kwa miguu tukifuata nguzo, mimi mbele, nimepoteza viatu. Chini ya nguzo ya katikati kuna shamba lililoachwa zamani, limejaa magugu. Katikati ya magugu palikuwa na shimo moja jipya. Majani mabichi yamepangwa pande zote nne, vizuri kabisa. Ndani yake amelala Oliva, macho wazi, halii. Udongo ulikuwa umeshamfika kifuani.

Tulipomfukua na kurudi naye chini, yule kijana wa mlangoni akamgeukia msimamizi. "Bosi, nilikuambia! Wenye mlima waliruhusu nguzo zipite kwenye makaburi yao kwa sharti moja, cha mwisho kipande kitupu. Ni cha bibi yao!" Na hapo ndipo msimamizi akachokonoa meno, akaniambia niliota.

Tangu siku hiyo, jua likizama tu, Oliva anakaa kuelekea mlangoni na kusema kwa sauti nzito ya mtu mzima, "Marahaba." Anajibu nani? Nani anamwamkia mtoto wa miaka miwili? Padri ameombea nyumba. Mama mkwe amehamishia mkeka wake mlangoni. Bado Oliva anajibu.

Wewe unayepanga kwenda kupiga picha kule, ukiona ukungu unashuka, chana tiketi urudi nyumbani. Na mtoto wako mshike mwenyewe. Acha waseme huna adabu.

Mimi nilikwenda ofisi ya kata kulalamika. Mtendaji akaweka kalamu chini. "Mama, serikali haiandiki habari za mizimu."

"Nani kataja mzimu? Andika ninachosema."

Akaandika, nami nikasaini: "Mwanangu aliingia kwenye kigari akiwa mzima, na komeo likafungwa kwa nje na mfanyakazi wao. Kigari kilifika juu bila yeye, komeo likiwa limefungwa vilevile. Naomba mwenye vigari aeleze nani alimshusha mwanangu njiani."