Nyasi Alizolaza Baba

Baba alistaafu ukarani wa mahakama mwezi wa pili. Siku ya kumuaga alisimama na suti yake ya kahawia akatangaza kwamba sasa anarudi kijijini kwetu Mapera kupumzika. Tulipiga makofi. Mimi nililia kidogo, maana napenda watu wapumzike.

Kupumzika kwenyewe kulidumu wiki tatu. Ya nne akanipigia simu Mbamba Bay, ninakokaanga samaki kwenye jiko la mama mmoja huku nikiota mgahawa wangu mwenyewe, viti vyote vikitazama ziwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Nimeshalaza nyasi."

Kwa asiyetoka kwetu, hiyo si habari. Kwetu Umatengoni ni hati ya kuitwa shaurini. Shamba la ngolo huanza na mwanamume kufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, kama daftari la hesabu lililotandazwa mlimani. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo. Shimo linabaki la kukinga maji ya mvua, na juu ya matuta yanapandwa maharage. Nyasi zikishalazwa hazimsubiri mtu. Zikikauka upepo unazichukua, na aibu anabaki nayo aliyeitwa.

Basi Jumamosi nikapanda gari la Mbinga, halafu bodaboda hadi nyumbani. Kaka yangu, mwalimu wa pale Mbinga mjini, alikuwa amenitangulia, yuko na viatu vyake vya kufundishia.

"Baba, kuchimba si kazi ya wanawake?" aliuliza. Mila huwa anazikumbuka sana zikimfaa.

"Jembe halikuuliza," Baba alisema, akamkabidhi.

Tukachimba. Jumapili tukatoka misani, tukachimba tena, tukamaliza, tukaaga. Jumatano simu ikaita: nyasi zimelazwa. Wikiendi nne mfululizo zikaenda hivyo. Mstaafu wetu, ambaye kiuno hakimruhusu kuinua ndoo ya maji, akafyeka mlima mzima bila hata kuguna.

Jumamosi ya nne niliingia stoo kutafuta karai, nikakuta magunia ya maharage yamepanda hadi karibu na dari. Mama alikuwa anapepeta mlangoni.

"Mama, haya yote mtakula lini?"

"Nani ale? Hayo nililima mwaka jana peke yangu, nimegawa mpaka parokiani. Baba yenu halimi maharage. Anawalima ninyi."

"Si angesema tu tuje?"

"Aseme? Miaka yote hiyo kaita watu kwa hati. Wewe unadhani anajua kuomba?"

Nilirudi shambani na karai langu, nikiwa sina pa kuweka macho.

Kesho yake jioni mlima ukaisha. Chini ya mistari ya mwisho kulikuwa na kahawa ya jirani tu. Baba alisimama mpakani na nyengo yake ya kufyekea mkononi, akiitazama ile mibuni kama mtu anayetafuta kifungu cha sheria cha kumsaidia. Kaka alishaanza kunawa miguu. Miraba mitatu ilikuwa imebaki, na kila mmoja ulikuwa wangu.

Niliweka jembe chini.

"Baba, kiganja kimevimba. Hii mitatu niachie Jumamosi."

"Zitakauka."

"Zikikauka utalaza nyingine."

Kaka akaacha kunawa. "Mitatu tu hiyo, mdogo wangu. Lete nimalizie."

"Wewe nawa," Baba alimwambia.

Kisha akaushika mkono wangu, akaugeuza juu chini. Kiganja kilikuwa kizima kabisa. Alikitazama kwa macho yaliyosoma ushahidi wa uongo maisha yake yote, akautazama na uso wangu, akauachia mkono taratibu.

"Shauri limeahirishwa hadi Jumamosi," alisema. "Saa tatu, siyo saa nne. Na uje na samaki."