Kumalizia Siyo Kula

Mama yangu anaosha vioo vya maghorofa kwa nje. Anakaa kwenye ubao mwembamba unaoning'inia kwa kamba mbili, ndoo kulia, kipangusio cha mpira kushoto, halafu anateremka ghorofa moja moja kama buibui asiye na haraka. Kazini wanamwita Winchi, kwa sababu ndoo ya mtu ikihitaji kuvutwa juu, yeye ndiye anayeivuta, kwa mkono mmoja, huku anaongea na mtu mwingine. Magauni ya dukani hayampiti mabegani. Akinyanyua mtungi wa gesi unaona misuli inavyotembea chini ya ngozi, kama panya ndani ya soksi. Kitambi hana kabisa.

Siku moja kampuni ikaleta mbao mpya za kukalia. Kila ubao ulikuwa na kibandiko chekundu kilichoandikwa: MWISHO KILO 100, MTU PAMOJA NA VIFAA. Msimamizi akapiga hesabu kwa kidole kwenye kiganja chake. Ndoo ya maji lita kumi, hiyo ni kilo kumi. Mkanda, sabuni na vipangusio, kilo tano. Basi mtu mwenyewe asizidi themanini na tano. Akawapandisha wote kwenye mizani. Mama akatoka tisini na tatu.

"Winchi, nakupa wiki sita," akamwambia. "Zikiisha hujafika themanini na tano, unabaki chini. Utaosha milango na kuwashikia wenzako kamba."

Mama alitupa habari hiyo huku anavua viatu, kwa sauti ileile anayotumia kusema sabuni imeisha. Nikamuuliza kwani kubaki chini kuna ubaya gani, si mtu hawezi hata kuanguka? Akavipanga viatu vyake ukutani kwanza.

"Kule juu," akasema, "hakuna mtu anayeniita."

Basi. Akaingia jikoni.

Bibi yetu, mama yake Mama, alikuwa anakaa na sisi. Alifariki mwaka jana, na tangu siku hiyo Mama halii, hagombi, wala hacheki. Anafanya kila kitu kinachotakiwa kufanywa. Niliwahi kumuuliza anajisikiaje, akasema, "Ganzi tu. Itaachia." Kama mtu anayezungumzia mguu alioukalia vibaya. Nikawa namwangalia kila siku kuona kama imeachia.

Nyumbani watoto tuko watatu. Mimi ndiye mkubwa, nipo sekondari. Anayenifuata ana miaka minane na tunamwita Hakimu, kwa sababu anakaa mezani kama yuko mahakamani. Chakula kikigusana na kingine, kesi imekwisha na rufaa hakuna.

"Hakimu, kula karoti."

"Imegusa yai."

"Kwani tumboni si vitagusana tu?"

"Tumboni sioni."

Wa mwisho ni Pamba, ana miaka mitano. Anakula vitu vyeupe peke yake. Wali, maziwa, mkate uliobanduliwa ganda, ute wa yai. Kiini ukimwekea anakisukuma ukingoni mwa sahani na kukigeuzia mgongo, kama anayemkwepa mtu anayemdai.

Mama akaanza kujinyima siku ileile ya mizani. Mimi nikawa karani wake. Nilitoa daftari jipya la hesabu, na kila jioni ananitajia nami naandika. Asubuhi: yai moja, chai bila sukari. Mchana: matango mawili. Jioni: kabichi. Nilikuwa nashangaa mwili mkubwa vile unaishije na matango mawili, tena ukiwa unaning'inia hewani. Yeye alikuwa hashangai. Alisema njaa haisikii.

Kila Jumamosi tulikwenda kupima kwa muuza nafaka, ambaye ana mizani ya magunia, ile ya kukanyaga.

"Karibu dada. Unauza au unanunua?"

"Napima."

"Khaa! Gunia la namna hii mimi silinunui. Nitalibeba na nani?"

Wabeba mizigo wakacheka. Mama alisimama kwenye mizani akitazama ukuta. Tisini na tatu. Jumamosi iliyofuata, tisini na tatu. Ya tatu, tisini na tatu na nusu.

Nikashindwa kuvumilia. "Shikamoo, lakini mizani yako ni mgonjwa."

Muuza nafaka hakukasirika. Alinyanyua gunia jipya lililoandikwa kilo hamsini, akaliweka. Hamsini kamili, sindano haikutikisika.

"Marahaba, mwanangu. Mizani ni mzima. Mgonjwa ni daftari lako."

Neno hilo lilinikaa kichwani njia nzima. Jioni ile nikaketi mezani na kazi ya shule mbele yangu, lakini kalamu ikawa inafanya kazi nyingine. Nikaandika kila kitu kilichoingia mdomoni mwa Mama. Viazi vitatu vya Hakimu vilivyogusa maharage. Viini viwili vya Pamba. Maganda ya mkate. Maharage yangu ya mwisho, ambayo niliyaacha kwa uvivu tu. Na wali wa Pamba, nusu sahani nzima. Vyote alivila amesimama kwenye sinki, ametupa mgongo, kwa kijiko kidogo cha mtoto, harakaharaka, hata sidhani kama alitafuna. Alikuwa anapitisha kijiko kwenye sahani kama anavyopitisha kipangusio kwenye kioo. Kisha akajifuta mikono, akaja.

"Andika. Jioni, kabichi."

"Na ule wali, Mama?"

"Wali gani?"

"Uliokula sasa hivi pale kwenye sinki."

Akageuka akatazama sinki, kana kwamba kuna mtu mwingine amesimama pale. "Sijala. Nimemalizia."

"Kumalizia siyo kula?"

"Kula unaketi," akasema. "Kumalizia ni kuosha vyombo."

Hakuwa anatania. Nilimwonyesha orodha. Akaisoma yote, akarudi juu akaisoma tena. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na nyumbani kwetu kibaba kilikuwa ni yeye.

"Kumbe," akasema. Hilo tu.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Mama akaacha kumalizia. Makombo yakawa yanakwenda kwa kuku wa jirani, ambao baada ya siku nne walianza kuja wenyewe mlangoni saa ya chakula. Jumamosi, tisini na moja. "Gunia limeingiwa na panya," akasema muuza nafaka. Jumamosi ya pili, tisini.

Lakini mimi nilikuwa naona kitu kingine. Mabega yalibaki palepale, ule upana ni wa mifupa, hauna pa kwenda. Kilichopungua ni uso. Siku moja akainama kunyanyua mtungi wa gesi, akaufikisha magotini, akaurudisha chini. Akaitazama mikono yake, huku na huku.

"Umekuwa mzito huu, au ni mimi?"

Tuliubeba wawili.

Pamba naye akaanza vituko. Kila jioni anabeba sahani yake yenye nusu ya wali anampelekea Mama kwenye sinki. "Mama, malizia." Mama anasema hapana. Pamba analia mpaka anapata kwikwi. Siku ya kwanza nikasema ni deko. Siku ya tatu nikakaa karibu yake kuangalia anavyokula, na hapo nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Kabla hajaanza kula, Pamba anachora mstari katikati ya wali kwa ncha ya kijiko. Anakula upande mmoja. Wa pili haugusi.

"Pamba, wali si mweupe?"

"Mweupe."

"Na wewe unaupenda?"

"Sana."

"Sasa mbona humalizi?"

Akanitazama kama mimi ndiye mdogo. "Huu wa Mama."

"Mama ana chakula chake."

"Kiko wapi?"

Nikatazama mezani ili nimwonyeshe. Kulikuwa na sahani tatu.

"Mama hana sahani," Pamba akasema. "Bibi ndiye alikuwa anampakulia."

Ni kweli. Bibi alikuwa akimpakulia Mama wa kwanza kabisa, anaifunika sahani kwa sahani nyingine, na Mama akirudi anaikuta inamsubiri. Bibi alipofariki mimi ndiye niliyeshika upawa. Nikahesabu: mimi, Hakimu, Pamba. Tatu. Mimi ambaye shuleni naongoza hesabu. Karibu mwaka mzima nilikuwa napakua sahani tatu kwenye nyumba ya watu wanne, na hakuna aliyesema kitu, hata mwenye kukosa mwenyewe.

"Na wewe, Hakimu?" nikauliza. "Unamwachia Mama?"

"Mimi? Hapana. Vyangu vinagusana kweli."

Kesho yake, kabla Mama hajarudi, sahani yake niliikuta chini kabisa kabatini, chini ya vifuniko vya sufuria, ile yenye ukingo wa buluu. Ilikuwa na vumbi. Nikaiosha. Nikapakua wali kiasi, maharage, yai zima, kabichi, nikafunika.

Mama alirudi, akaiona, akasimama na viatu vyake.

"Kuna mgeni?"

"Hakuna. Ni yako."

Nilimkazia macho. Nilidhani sasa ndiyo sasa, atalia, na mimi nitakuwa nimeiona ganzi ikiachia. Hakulia. Alifunua, akatazama chakula muda mrefu kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ukutani. Kisha akavuta kiti akaketi.

"Nipe chumvi," akasema.

Akala polepole. Alitafuna. Pamba alimhesabia kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha akaingiza kijiko chake upande wa pili wa mstari na kula wali wote. Kiini cha yai hakukigusa. Karoti ya Hakimu ilibaki, kuku wakaipata.

Daftari nililiendeleza. Sasa lilikuwa refu zaidi kuliko mwanzo, na lilikuwa la kweli.

Siku ya mwisho ya zile wiki sita iliangukia siku ya mapumziko ya shule, nikamfuata Mama kazini. Jengo lilikuwa la ghorofa kumi, kioo kitupu kutoka juu hadi chini. Msimamizi alikuwa ameweka mizani barazani, na wenzake Mama wamesimama kando na ndoo zao.

"Haya Winchi, panda tuone."

Mama akapanda. Msimamizi akainama, akainuka, akainama tena.

"Themanini na tisa." Akajikuna shingo. "Umejitahidi, sikatai. Lakini sheria ni sheria, dada yangu."

"Sawa," Mama akasema.

Nilijua atasema sawa. Akaanza kufungua mkanda. Alifungua kifungo cha kwanza, akafika cha pili, mkono ukasimama. Alikuwa anatazama ndoo yake.

"Bosi, huu ubao unajua mtu ni kipi na ndoo ni kipi?"

"Unamaanisha nini?"

"Nauliza. Ukikaliwa, unajua hiki ni mtu na hiki ni maji?"

"Utajuaje? Wenyewe unajua jumla tu."

"Basi nitakwenda na nusu ndoo."

Akaomba kalamu ya wino mzito, akainama, akachora mstari ndani ya ndoo, katikati. Nikamfikiria Pamba na kijiko chake. Kisha akamwaga maji mpaka yakafika kwenye mstari. Msimamizi akafungua kiganja na kuanza kuhesabu kwa kidole. Themanini na tisa, na maji tano, na vifaa tano. Tisini na tisa. Akahesabu tena kuanzia mwisho. Tisini na tisa.

"Maji yatakuishia ghorofa ya sita."

"Nitavuta mengine."

"Kila siku utavuta mara mbili ya wenzako."

"Nitavuta."

"Na ukiongezeka kilo mbili?"

"Nitabaki chini."

Mwenzake mmoja akapiga kelele kutoka kule nyuma, "Bosi, mwache apande! Akibaki chini sisi ndoo zetu atavuta nani?" Wakacheka wote. Msimamizi naye akacheka, akafunga kiganja chake kama anayefunga kitabu.

"Panda basi. Lakini mizani ni kila Jumatatu."

Mama akafunga kifungo cha pili, halafu cha kwanza. Hakunitazama. Baada ya muda nikamwona ukingoni mwa paa, mdogo, akaketi kwenye ubao na kuanza kuteremka. Ghorofa ya kumi, ya tisa, ya nane. Kioo kilichokuwa na vumbi kikawa na mawingu ndani yake. Ghorofa ya sita maji yakaisha, kama alivyosema msimamizi. Wakamfungia nusu ndoo nyingine chini, akaivuta. Zamani angevuta kwa mkono mmoja. Leo alitumia yote miwili, na katikati alipumzika kidogo, kamba ameizungusha kwenye kiganja.

Nilitaka kumwita nimpungie mkono. Tayari nilikuwa nimejaza kifua pumzi. Nikakumbuka neno lake kuhusu kule juu, nikaitoa pumzi taratibu, nikanyamaza.

Nikaenda nyumbani kupakua sahani nne.