Mgongo Nyuma ya Pazia

Wateja walimwita Fundi Mgongo, naye jina alilipenda. Alitengeneza magamba ya plastiki ya kunyoosha migongo iliyopinda, na kwa kuchora pindo la mgongo hakuwa na mpinzani. Alipandisha kipima pembe kidogo kutoka kiunoni kwenda shingoni, upana wa kidole baada ya mwingine, akisoma kila mahali uti umeinamia wapi na kwa kiasi gani. Pembe zikibaki zilezile, hapo pamenyooka. Zikibadilika upesi, hapo pamepinda vibaya. Kisha alikwenda ubaoni, akachora kijistari chenye pembe ya kwanza, juu yake kingine chenye pembe ya pili, kila kimoja kikianzia pale kilichotangulia kilipoishia, mpaka mgongo mzima ukasimama ubaoni.

"Nipe pembe tu," alikuwa akijigamba, "mwenye mgongo abaki kwake."

Binti yake alipoingia darasa la sita, bega moja lilianza kupanda. Baba akampima, akachora, akamvalisha gamba. Kila pindo lilipokataa kupungua, alikaza mikanda tundu moja zaidi. Mtoto akilia aliambiwa machozi hayanyooshi mfupa.

Alipoanza kuwa mwanamwali, baba aliona haya kumtazama mgongo, kazi ya kusoma pembe akampa mkewe. Mama na binti walikaa nyuma ya pazia. Mama alisoma kwa sauti, baba upande wa pili akachora. Mara ya kwanza mama alisoma kweli tupu. Pindo lilikuwa limeongezeka, na baba akakaza mikanda hadi mtoto akawa anatapika kila alichokula. Mara ya pili mama alitazama kipimo, akatazama mbavu za mwanawe zilizochubuka, akapunguza. Kidogo tu, pembe hii na ile. Ubaoni pindo likalegea. Baba akalegeza mikanda, siku nzima akafanya kazi huku anaimba.

Ikawa hivyo kwa miaka. Kila gamba jipya lilichongwa kufuata mgongo wa ubaoni, ambao haukuwa wa mtu yeyote, kwa hiyo lilimla nyama msichana kila upande. Mama alishindilia vitambaa penye vidonda. Hawakuwahi kulizungumza. Baba naye alinakili michoro yote, akaitundika ukutani mwa karakana ili wateja waone.

Binti alipochumbiwa, mama wa mchumba alikuja karakana kufahamiana. Binti alikuwepo, kavaa gauni pana bila gamba ndani. Baba hakungoja kuulizwa. Alimpitisha mgeni mchoro kwa mchoro, akimwonyesha mgongo wa mkwewe mtarajiwa ulivyokuwa na ulivyo sasa. Yule mama alisikiliza kwa adabu. Wakati wa kuaga alimkumbatia binti, na kiganja chake kikashuka mgongoni taratibu, kikasimama, kikashuka tena.

"Mchoro wako umenyooka, fundi," alisema. "Mwanao hajanyooka."

Mgeni alipotoka tu, baba alimwamuru mkewe apime upya. Safari hii mama alisoma kweli tupu. Vijistari vilipanda, vikaenda kombo, vikarudi, vikaenda kombo upande wa pili, na pindo likatokea kubwa kuliko lile la darasa la sita. Baba akafuta, akataka asomewe tena. Likatokea lilelile.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mtoto aliposhindwa kula."

Binti akatoka nyuma ya pazia akifunga vifungo. Alitarajia baba angalau atamtazama. Baba alikuwa anatazama ukuta.

"Mmeniharibia kazi," alisema. "Kazi yangu yote."

Akaichana michoro mmoja mmoja, kisha akamwambia mkewe kwamba akirudi nyumbani asimkute.

Uchumba ulivunjwa kwa simu wiki hiyohiyo. Mama na binti walihamia kwa mama mdogo. Hospitalini daktari aliwaambia kwamba angeletwa utotoni, mara pindo lilipoanza kuongezeka, wangempasua wakamnyoosha. Sasa pafu moja limebanwa, nayo mifupa imeshakomaa. Mama alitaka kueleza, daktari akawa ameshaita mgonjwa mwingine.

Fundi hajawahi kuja kuwaona. Karakana yake bado ina wateja.

Binti hakumlaumu mama kwa neno hata moja. Ila tangu siku ile ya hospitali hataki amguse mgongo. Ukimuuma jioni, humwomba mama mdogo amkande, na mama hukaa chumba cha pili akisikiliza.