Mbunge Aliyewapa Watoto Majina

Jirani yetu alikuwa mbunge wa jimbo vipindi vitatu, na mpaka leo shati lake ni jeupe pe, na hata muuza maua akipita, yeye humwamkia kwa viganja vilivyokutana kifuani, kama bado anaomba kura. Zamani, hapa kwetu Tamil Nadu, akina mama walipanga foleni jukwaani awape watoto wao majina. Mimi alinipa Poonkodi, na mama husema uwanja mzima ulipiga makofi. Tangu ashindwe uchaguzi, hakuna aliyempelekea mtoto.

Binti yangu alifika miezi mitatu hana jina. Mama mkwe alimngoja mbunge mpya, aliyeahidi mara mbili kuja asitokee. "Ukimpeleka kwa aliyeanguka, na mtoto ataanguka," alinionya. Nikambeba, nikavuka barabara. Mzee alimpokea, kiganja kikienda chenyewe chini ya shingo ya mtoto. "Wee mama, umekosea nyumba. Mwenye kiti cha ubunge sasa anakaa mtaa wa juu!" akatania, lakini mikono haikumrudisha. "Sijakosea, mheshimiwa." Akauliza jambo ambalo jukwaani hakuwahi kupata nafasi ya kuliuliza: "Ukimnyonyesha, mkiwa wawili tu, unamwitaje?" Nikasema kwa aibu, "Yazhini." "Basi ndilo." Akainama, akamnong'oneza jina hilo sikioni mara tatu, ile sauti iliyokuwa ikijaza viwanja sasa ikimtosha mtoto mmoja. Mama mkwe, aliyenifuata kunigombeza, alisimama mlangoni akiwatazama. Kisha akavua ndala, akaingia.