Mti wa Mgeni Rasmi

Naiogopa bustani ya mtaani kwetu hapa Mbeya. Nimelikana jambo hili kwa muda mrefu, tena kwa maandishi. Nimeandika makala kali kuhusu haki ya mwanamke kupumzika kwenye bustani ya umma, kisha nikarudi nyumbani kwa kuzungukia nyuma ya soko ili nisipite humo.

Ningeendelea hivyo hadi uzeeni kama mama asingevunjika mguu. Alitoka kwake Mlandege, Iringa, nikamuuguza, na daktari akamwagiza atembee kila siku mahali tambarare. Mtaa wetu wote ni mlima. Tambarare ni bustani tu. Mama aliniambia mapema: akikosa pa kutembelea, anarudi kwake. Kwake anaishi peke yake, na hilo nililiogopa kuliko bustani.

Tukaenda, asubuhi kweupe. Kwenye kona ya ndani mtu alichomoka nyuma ya mti, akapora mkoba wangu. Mama alimrushia fimbo yake, akamkosa.

"Shule yote ile hawakukufundisha kupiga kelele?" aliniuliza, akining'inia begani kwangu.

Mti wenyewe ni msonobari uliopandwa na mgeni rasmi siku ya uzinduzi. Una kibao chenye jina lake. Matawi yamegusa ardhi, yamemeza taa na kuificha kona nzima. Zamani palikaa mama muuza uji na wateja wake, wakaondolewa ili bustani ipendeze. Sasa inawapendeza vibaka.

Nikaenda ofisi ya mtaa kuomba mambo mawili: matawi ya chini yapunguzwe, na mama wa uji arudishwe.

"Mwandishi," mwenyekiti alisema, "ule mti una kibao. Nani ana ubavu wa kumkata mgeni rasmi mikono?"

"Mwenyewe anaukumbuka?"

"Hata kama haukumbuki! Siku akipita akaukuta na kipara, nitamjibu nini?"

Wajumbe wakacheka. Kuhusu uji, nilijibiwa kuwa bustani si gulio. Kisha wakaunda kamati ndogo ya usalama na, kwa kuwa nimesoma, wakanifanya katibu. Nilikubali. Huo ndio ugonjwa wetu tuliosoma: ukitupa cheo tunasahau tulichokuja kudai.

Tulikaa vikao. Tulikunywa chai. Nyumbani mama aliizunguka meza ya sebuleni, akishika kiti baada ya kiti.

"Kamati imesemaje?"

"Bado inajadili, mama."

"Mimi nazunguka hapa kama mbuzi wa kamba, na ninyi mnajadili."

Jumamosi moja mwenyekiti akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya furaha, nikaweka spika ili mama naye asikie.

"Mwandishi, ushindi! Usalama umepatikana. Tumeweka geti na kufuli. Haingii mtu!"

"Na mti?"

"Salama salimini. Shina tumelipaka chokaa."

"Sasa watu watatembea wapi?"

"Siku za sherehe tutafungua."

Mama alikwisha kuinuka. Alikuwa anakunja khanga zake, moja baada ya nyingine, juu ya ile meza.

"Mwanangu, kanikatie tiketi ya Iringa. Ya kesho."

"Kumbe mama ana safari?" mwenyekiti alisema kwenye spika. "Atusalimie huko."